Masale Kumi na Mawili na Rekodi ya Mama Rose

Siku mliyoniaga mlinizawadia saa ya ukutani. Mtu ameshika saa mkononi miaka thelathini na nane, halafu anapostaafu mnampa saa! Nimeitundika sebuleni na nawashukuru, ila mke wangu ameitoa betri. Anasema ilikuwa inanifanya nikae kwenye kochi na kupima muda wa kila mtu anayekwenda chooni.

Mliniomba pia niandike machache kuhusu kazi yetu ya utunzaji wa uwanja na ushikaji saa, ili anayekuja nyuma yangu asianze gizani. Vyeo nitaviruka kwa sababu kilikuwa kimoja tu. Nitaandika juu ya lile swali ambalo nyinyi wote mtaulizwa mpaka mchoke. Mtu akishajua kwamba wewe ni mshika saa, haulizi tena habari za watoto. Anauliza: wanariadha wa zamani na hawa wa sasa, nani zaidi? Nimeulizwa kwenye kilabu cha mbege, nimeulizwa msibani jeneza likiwa bado halijashuka, na mara moja niliulizwa na padri nikiwa nimepiga magoti kuungama. Nitajibu, lakini mnivumilie, maana jibu lenyewe linaanzia kwenye mmea.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na miwili. Uwanja wa kata mnaujua, ule wa majani ulioinama kidogo upande wa mlima, mpira ukitoka nje unaufuata kwenye migomba ya watu huko chini. Aliyenipokea ni Mzee Kanuti, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata kiangazi. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo ya chokaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kutembea?"

Nikamwambia najua.

"Hujui. Tembea nione."

Akanipa kopo la maziwa ya unga lililotobolewa chini kwa msumari, limejaa chokaa, nikaanza kuchora mstari. Nilipofika mwisho nikageuka kuangalia. Mzee Kanuti alikuwa amevua kofia, amejifunika nayo macho.

"Huo mstari umelewa," akasema. "Wewe je?"

Wiki nzima sikufanya kazi nyingine ila kutembea. Siri yake, alinifundisha, usiangalie chini. Angalia kitu kilicho mbali na uende kukisalimia. Mimi nilikuwa naenda kusalimia paa la kanisa. Mpaka leo nikitumwa dukani natembea hivyo, na watu wanadhani nina majivuno.

Vifaa vilikuwa vichache. Kopo, kengele ya mzunguko wa mwisho, mbao mbili za kupigia mlio wa kuanzia, filimbi, na saa ya mbio. Saa ile Mzee Kanuti aliivaa shingoni ndani ya shati, imegusa ngozi, kwa sababu aliamini baridi ya mlima inaifanya iwe mvivu. Alilala nayo. Mke wake aliwahi kuniambia kwamba kwa miaka ishirini alisikia mioyo miwili kitandani, na ule wa pili ndio uliokuwa na nidhamu.

Kitu kimoja hakikukaa uwanjani, nacho ni vigingi. Unapigilia vigingi vya kuonyesha njia ya wakimbiaji inapopinda, wiki haiishi vimekwenda kuegemeza migomba ya mtu. Mzee Kanuti akakasirika. Akaenda kwenye kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, akachimba masale kumi na mawili, akayapanda mahali pa vigingi, sita kona hii na sita kona ile. Aliniambia alifanya hivyo miezi michache kabla sijaajiriwa, na aliupima uwanja kwa tepu ya chuma, akahakikisha mzunguko ni mita mia nne kamili.

Kwa mgeni anayesoma hapa, isale ni ule mmea mwembamba wenye majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Hapa kwetu Uchagani hakuna mtu anayeng'oa isale la mpaka. Mwizi wa kuku hang'oi, mlevi hang'oi. Na ukimkosea mtu, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea, na akishalipokea hawezi kukunyima msamaha. Kwa hiyo Mzee Kanuti alikuwa amepata kigingi kisichoibika, na alijisifu sana. Akanipa kanuni moja tu ya kuchora njia: "Chokaa haipiti juu ya isale. Inapita nje yake, karibu kabisa."

Nikaishika kanuni hiyo kama amri ya Mungu. Hapo ndipo balaa lote lilipoanza, ila sikujua.

Mwezi wangu wa kwanza kulikuwa na mashindano ya kata. Wanawake walikimbia mizunguko minne. Kulikuwa na binti mmoja, Yustina, ameolewa miezi michache tu nyuma, mrefu, hana viatu, amevaa sketi aliyoikunja na kuifunga kiunoni kwa kamba ya mgomba. Mzunguko wa pili alikuwa peke yake. Wa tatu, watu walikuwa wameacha kula mishikaki. Alipokata utepe Mzee Kanuti alibonyeza saa, akaitazama, akaigonga kwa kucha, akaiweka sikioni, halafu akanipa mimi nisome kwa sababu hakuyaamini macho yake. Dakika tano na sekunde ishirini na moja. Nikaandika kwenye kitabu, na wino ule upo hadi leo.

Yustina hakukimbia tena. Alipata mtoto, Rose, na kama ilivyo desturi jina lake likawa Mama Rose. Lakini rekodi haikuondoka. Kila mwaka kamati ilimwekea kiti kwenye mstari wa kumalizia, yeye akaja na kanga mpya, akaketi, akasubiri mtu amvunjie rekodi. Hakutokea. Miaka mitano ikapita, kumi, kumi na mitano. Wasichana walikuja na viatu vyenye miiba, na chupa za maji ya rangi, na saa zinazosema na mapigo ya moyo. Walimaliza wakiwa hoi, na saa yangu ikawaaibisha. Na kila mwaka walikuwa wakipungua kasi kidogo kuliko waliotangulia.

Mama Rose alikuwa anaangalia, anatikisa kichwa, anasema kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili: "Miili ya chipsi hiyo!"

Kamati ikaingiwa na hofu kwamba kizazi kinaoza. Mwenyekiti, Mwalimu Kornelio, ambaye hata ukimpa salamu anaifanyia ajenda, aliitisha vikao. Mwaka mmoja waliamua kwamba tatizo ni viatu, wasichana wakakimbia pekupeku, wawili wakachomwa na miiba. Mwaka mwingine tatizo likawa simu, zikakusanywa kwenye gunia mwezi mzima, na mama zao ndio waliokuja kuzidai. Kisha ikaamuliwa kila mwanariadha anywe mtori asubuhi na jioni kwa wiki sita. Mtori ni chakula kizuri, ndizi na nyama vimepondwa pamoja, lakini wiki sita jamani! Siku ya mashindano walikimbia polepole kuliko wakati wowote, na wamenenepa vizuri.

Mwisho wakaleta mtaalamu kutoka mjini. Kijana nadhifu, suruali imepigwa pasi ikasimama. Alipima mapaja ya wasichana kwa tepu ya fundi cherehani, akapima urefu wa nyayo, akawapulizisha puto, akapima na puto. Akatoa hotuba ya saa nzima kwamba kizazi hiki kina mapafu madogo. Alipima kila kitu isipokuwa uwanja. Na hotuba yote aliitoa ameegemea kichaka cha isale.

Mimi nami nilikuwa nimesimama hapo na ndoo yangu, natikisa kichwa na wenzangu.

Kilichonizindua ni chokaa. Nilipoanza kazi, ndoo mbili zilitosha mzunguko mmoja na kubaki kidogo cha kupaka mashina ya miti ya geti. Baada ya miaka kadhaa hazikubakiza. Baadaye hazikutosha. Nikaenda mjini kwa muuza chokaa, mzee mpole wa watu, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Akanipimia tena ndoo zangu. Zilikuwa sawasawa. Nikarudi nimenywea.

Nikaazima tepu ya chuma kwa fundi aliyekuwa anajenga ukumbi wa parokia. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, hakuna mtu. Nikaupima mzunguko kwenye mstari wangu mwenyewe: mita mia nne na kumi na mbili. Nikapima tena. Zilezile. Nikakaa kwenye majani yenye umande, nikaanza kuangalia masale ya Mzee Kanuti kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Alipoyapanda kila moja lilikuwa shina moja, nene kiasi cha kidole gumba. Sasa yalikuwa yamechipua na kuzaa na kujukuu. Kila isale lilikuwa kichaka, na ndani ya kimoja kuku wa jirani alikuwa ameatamia. Na mimi kila mwaka, kwa utii, nilikuwa nimechora chokaa nje yake, karibu kabisa. Kichaka kikisogea, mstari umesogea. Uwanja ulikuwa unakua! Kila kizazi cha wasichana wetu kilikuwa kinakimbia mbio ndefu kuliko kilichopita, na kwa shukrani tukawanywesha mtori. Watu wangekuwa wanagombana zaidi, wakaja kuchuma majani ya kuombana msamaha, pengine vichaka vingepungua, lakini kata yetu ina amani ya kukera.

Mtaniuliza kwa nini sikusema siku hiyohiyo. Nitawaambia ukweli, niliogopa. Mzee Kanuti alikuwa amekufa, na mimi ndiye niliyebaki kubeba kanuni yake. Kila fomu ya matokeo ilikuwa na mstari usemao umbali umehakikiwa, na chini yake sahihi yangu. Na Mama Rose alikuwa amefiwa na mume mwaka ule. Nilimwona anavyokaa kwenye kile kiti, nikafikiri nikigusa habari ya rekodi nitamwondolea na kiti. Hivyo nikanyamaza. Nikanyamaza miaka kumi na tisa, na kila mwaka masale yakaendelea na kazi yao. Nilikuwa mwoga, na mwoga mwenye mstari ulionyooka.

Sasa nije kwa Anjela.

Anjela ni binti wa Rose, yaani mjukuu wa Mama Rose. Nyumba yao wote ni moja. Miguu amechukua kwa bibi yake, mtu hahitaji tepu ya cherehani kuiona. Akiwa na miaka kumi na sita alikimbia mizunguko minne kwa dakika tano na sekunde thelathini na mbili. Mwaka uliofuata ishirini na tisa. Mwaka uliofuata ishirini na sita. Kamati ilikuwa na sharti la siku nyingi, kwamba haipeleki mwanamke kwenye kambi ya mazoezi ya mkoa mpaka avunje rekodi ya uwanja. Kwa hiyo kila mwaka Anjela alibaki, akafika kwenye utepe akihema, na bibi yake akamwambia kutoka kwenye kiti, "Mimi nilikuwa sina hata viatu!"

Wiki mbili kabla ya mashindano yangu ya mwisho, Anjela alinikuta stoo nachekecha chokaa. Alikuwa ameshika mfuko wa nailoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mama. Leo hufanyi mazoezi?"

Akaweka mfuko mezani. Ndani mlikuwa na viatu vyake vya mbio, ameviosha mpaka kamba.

"Nitakimbia mara hii kwa sababu bibi ameshashona nguo ya kuja kuangalia. Baada ya hapo mpe mwingine, babu. Shangazi ana duka la mitumba Holili, nimemwambia nakwenda kukaa naye."

"Sekunde tano tu zimebaki, Anjela."

"Mwaka jana zilikuwa nane. Ikifika zamu ya hizo tano nitakuwa nimezeeka." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Bibi anasema mwili wangu ni wa chipsi. Zamani ilikuwa inaniuma. Sasa nadhani ni kweli tu, babu. Watu wa zamani walikuwa watu."

Alipotoka nilibaki naangalia viatu vile vilivyooshwa. Nilijisikia vibaya mpaka nikashindwa kuchekecha. Nilichukua tepu, maana kufikia hapo nilikuwa nimenunua yangu ya siri, nikaenda kupima. Mita mia nne na ishirini na moja. Mara nne, ni mita themanini na nne za ziada. Yule mtoto alikuwa anakimbia mbio za bibi yake, halafu anaongezewa uwanja wa mpira karibu mzima, halafu anaambiwa ni mvivu.

Kesho yake asubuhi nilichuma jani kwenye kichaka cha kona ya kwanza, nikalifunga fundo, nikapanda kwa Mama Rose. Nilimkuta jikoni anapika mtori, mwiko mkononi. Sikuingia ndani. Nilisimama mlangoni na jani nimelishika kwa mikono miwili.

Akaliona. Uso ukabadilika.

"Baba Godi! Umeua mtu?"

"Pokea kwanza, dada. Nakuomba."

"Sema kwanza."

"Ukipokea ndiyo nitasema."

Akanitazama, akautazama mwiko, akalipokea. Ndipo nikamwambia yote: Mzee Kanuti, masale, chokaa, tepu ya fundi, miaka kumi na tisa. Alisikiliza bila kusogea. Mtori ukaanza kushika chini, hakugeuka.

"Unataka kusema rekodi yangu ni ya uongo?"

"Hapana, Mama Rose. Ya kwako ndiyo ya kweli. Uongo ni hawa wengine wote niliowaandikia."

"Na Anjela?"

"Anjela kwa mita zako, nadhani amekupita tangu mwaka jana. Labda tangu mwaka juzi."

Akakaa kwenye kigoda. Nilitegemea makelele. Alisema kwa sauti ya chini, "Nimemtukana mtoto huyu kila siku ya Mungu. Mpaka kwenye sala ya chakula, Baba Godi. Nasema ubariki chakula hiki na umpe mjukuu wangu miguu." Halafu akasimama, na makelele yakaja. "Ungekuja bila hili jani ningekumwagia sufuria zima! Nimekusamehe, sina la kufanya. Sasa toka hapa kabla sijasahau kama nimekusamehe!"

Nikatoka mbio. Kama kungekuwa na mtu wa kunishikia saa siku ile, nina hakika ningeweka rekodi ya wazee.

Jioni ileile Mama Rose alikuwa tayari ameshika mlango wa Mwalimu Kornelio, na kikao kikaitwa kesho yake, hapo hapo uwanjani. Nikapima mbele yao, mia nne na ishirini na moja, wakaona kwa macho yao. Mwenyekiti akajikuna kidevu.

"Ufumbuzi ni mwepesi," akasema. "Masale yakatwe yarudi shina moja moja. Leteni panga."

Panga likaletwa. Mwenyekiti akampa katibu. Katibu akaliangalia makali yake, akalisifu, akampa mtunza hazina. Mtunza hazina akakumbuka kwamba mkewe ni mjamzito. Mjumbe wa nne akasema yeye ni mlokole na hayo mambo ya masale hayaamini kabisa, hayaamini hata kidogo, na akampa panga mjumbe wa tano. Panga lilizunguka watu saba likarudi kwa mwenyekiti, ambaye wakati huo alikuwa ameshikwa na mgongo.

"Tuyaombe msamaha kwanza," mmoja akapendekeza, "kisha tukate."

"Tuyaombe kwa kitu gani?"

"Kwa isale."

"Tutalichuma wapi?"

Wote wakageuka kuyatazama masale, na masale yakawa yametulia. Kikao kilijadili jambo hilo kwa dakika arobaini. Najua kwa sababu saa ilikuwa shingoni.

Mwisho Mama Rose, ambaye hakuwa mjumbe, alisema kutoka kwenye kiti chake, "Nyie wanaume mna shida gani? Acheni mimea ya watu. Sogezeni mstari wa kumalizia!"

Kwa miaka yote ile hata mimi sikuwa nimeliwaza hilo. Nikapima mita elfu moja na mia sita tangu mstari wa kuanzia, kwa mizunguko yetu iliyonenepa, na mwisho wake ukaangukia mita themanini na nne kabla ya utepe wa zamani. Pale ni mbele ya mlango wa choo cha uwanja. Hatukuwa na la kufanya. Turubai la wageni likahamishiwa chooni, na meza ya mgeni rasmi yenye kitambaa na maua ikawekwa mahali ambapo upepo wa mlima unapita kwanza chooni ndipo ufike kwake.

Siku ya mashindano nilimrudishia Anjela viatu vyake, nikamwonyesha utepe mpya. Alishajua habari, kata nzima ilijua.

"Babu, si watasema mmenipunguzia?"

"Watasema. Wewe kimbia za bibi yako, za wengine niachie mimi."

Mama Rose alikuja amevaa nguo mpya, akakibeba kiti mwenyewe hadi chooni, akakiweka sentimita chache kutoka kwenye utepe. Jani langu la isale, limeanza kukauka, lilikuwa ndani ya mkoba wake. Niliona ncha inachungulia. Tulishika saa wawili, mimi na Mwalimu Kornelio, ili mtu asiseme saa ya Mzee Kanuti ina upendeleo. Ya kwangu ilikuwa ndani ya shati tangu asubuhi, imepata joto la kutosha.

Mbao zikapigwa. Mzunguko wa kwanza Anjela alikaa nyuma ya wenzake. Wa pili akawa wa tatu. Wa tatu akawa peke yake, na nikaona watu wameacha kula mishikaki. Nikapiga kengele. Alipozunguka masale ya kona ya mwisho alikuwa amekunja uso, mdomo wazi, na kwa muda kidogo sikujua ni mwaka gani. Mgeni rasmi alikuwa amesahau kuziba pua. Mama Rose alikuwa amesimama juu ya kiti, juu kabisa, mwanamke wa miaka sitini na kitu, anapiga kelele, "Vuta, mama! Vuta!"

Akakata utepe. Nikabonyeza. Nikaitazama saa, nikaigonga kwa kucha, nikaiweka sikioni. Mwalimu Kornelio akanionyesha ya kwake. Dakika tano na sekunde tisa.

Niliposoma kwa sauti watu hawakushangilia. Walimgeukia Mama Rose, na uwanja ukatulia mpaka tukasikia maji ya choo. Alishuka kwenye kiti polepole. Akafungua mkoba. Akalitoa lile jani, lenye fundo langu, akaenda kwa mjukuu wake aliyekuwa ameinama, mikono magotini, akampelekea kwa mikono miwili.

"Anjela. Pokea."

Anjela akainua uso. Jani la isale bibi hampi mjukuu. Anayekosa kwa mkubwa ni mtoto, na anayeomba ni mtoto, sijawahi kuona likienda upande ule. Na yeye hakuwa amewahi, kwa hiyo alisita, jasho linamdondoka.

"Bibi, mimi tena..."

"Pokea, mkono unaniuma. Nimekutukana miaka mitatu na hukuwa mvivu hata siku moja."

Akalipokea. Wakashikana, wakalia wote wawili, na Rose naye akaja akalia juu yao, na mimi nikageukia choo nikajifanya nakagua mlango. Sina aibu kuwaambia kwamba nililia. Miaka kumi na tisa ilinitoka pale.

Kwa hiyo, nani zaidi, wa zamani au wa sasa? Nikafungua kitabu kuandika jibu: jina la Anjela, umbali, sekunde tisa. Nilikuwa sijaweka nukta Mama Rose akanisimamia kichwani, macho bado mekundu, kanga imekaa upande.

"Umeandika?"

"Nimeandika, dada. Amekupita sekunde kumi na mbili."

"Vizuri. Amenipita, sikatai." Akainama karibu na sikio langu. "Lakini andika na hili. Siku ile nilikuwa na mimba ya Rose. Miezi mitatu."

Nikamwangalia. Hakuwa anatania. Rose, nyuma yake, alikuwa ameshika mdomo.

"Hakuna mahali pa kuandika hilo, Mama Rose."

"Tafuta."

Kitabu chetu kina nafasi ya jina, namba, umbali na muda. Nikarudisha kurasa hadi mwezi wangu wa kwanza kazini, kwenye ule wino wangu wa zamani, na pembeni ya jina la Yustina nikaandika kwa herufi ndogo: *pamoja na Rose*. Ndicho kitu cha mwisho nilichokiandika nikiwa kazini. Anjela alikwenda kambini wiki iliyofuata, ameweka jani ndani ya kiatu.